Les Eyzies na Bonde la Vézère: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaopanga kwenda Les Eyzies, wawe wanatoka Dar es Salaam na Nairobi au ni ndugu zetu waishio Paris na Brussels, huuliza karibu mambo yale yale. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya mtu mwenye hali ya pekee. Kama una haraka, anza na swali la tiketi katika sehemu ya kupanga safari, kwa sababu ndiko wengi wanakokwama.

## Mambo ya msingi

Les Eyzies ni wapi?

Ni kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa, katika mkoa wa Dordogne, eneo ambalo wenyeji wanaliita Périgord. Wakazi wake ni kama elfu moja tu. Kijiji kimebanwa kati ya mto Vézère na majabali marefu ya mawe ya chokaa, pale kijito cha Beune kinapoingia mtoni. Baadhi ya nyumba zimejengwa kwa kuegemea jabali, hata ukuta wa nyuma ni mwamba wenyewe.

Vézère hutoka nyanda za juu za Millevaches, hupita Montignac na Les Eyzies, kisha huungana na mto Dordogne huko Limeuil. Ukikuta ramani ya zamani imeandika Les Eyzies-de-Tayac, usihangaike: ni hapo hapo. Jina lilifupishwa mwaka 2019 kijiji kilipounganishwa na majirani zake wawili, Manaurie na Saint-Cirq.

Mbona kijiji kidogo hivi kinajulikana dunia nzima?

Kwa sababu hakuna mahali pengi duniani ambapo binadamu wa Zama za Mawe ameacha alama zake kwa wingi hivi katika eneo dogo hivi. Bonde lina maeneo 147 ya kale na mapango 25 yenye michoro, na mwaka 1979 UNESCO iliingiza 15 kati ya maeneo hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata majina wanayotumia wataalamu yametoka hapa. Mousterian, utamaduni wa zana za mawe wa Waneanderthal, yaani jamii ya binadamu wa kale iliyotoweka, umepewa jina la kijiji cha Le Moustier. Magdalenian, utamaduni wa wachoraji wakubwa wa mwisho wa Enzi ya Barafu, umetokana na La Madeleine, mahali palipo kando ya mto huu huu. Na jina Cro-Magnon, ambalo wengi wetu tulilisoma shuleni, ni la mwamba ulio ndani ya kijiji chenyewe.

Cro-Magnon alikuwa nani?

Si mtu mmoja. Mwaka 1868, miaka michache baada ya reli kufika, wafanyakazi waliokuwa wakichimba udongo chini ya jabali karibu na stesheni walikuta mifupa ya watu. Mwanajiolojia Louis Lartet aliitwa, akachimba kwa utaratibu, ikaonekana kuwa ni mabaki ya watu wasiopungua watano, pamoja na zana za mawe na makombe mengi ya baharini yaliyotobolewa ili yavaliwe. Hebu fikiria hayo makombe. Bahari ya Atlantiki iko mbali na bonde hili, safari ya siku nyingi kwa miguu, na bado watu wale waliyapata, wakayapenda, wakazikwa nayo.

Umri wao ni takriban miaka 28,000. Walikuwa binadamu kamili kama mimi na wewe, Homo sapiens. Mifupa yenyewe imehifadhiwa Paris, lakini mahali ilipopatikana panatembelewa.

Je, walikuwa weupe?

Swali hili huulizwa sana, na ni zuri. Picha za zamani vitabuni ziliwachora kama Wazungu wa leo, ila wachoraji wa picha hizo hawakuwa na ushahidi wowote wa rangi ya ngozi. Vinasaba vilivyosomwa miaka ya karibuni kutoka mifupa ya wawindaji wa kale wa Ulaya vinaonyesha kwamba wengi walikuwa na ngozi nyeusi au ya maji ya kunde iliyokolea, na kwamba ngozi nyeupe ilienea Ulaya baadaye sana, katika miaka elfu chache iliyopita.

Asili yao ni Afrika, kama ilivyo asili ya binadamu wote. Mababu zao walitoka katika bara letu makumi ya maelfu ya miaka kabla ya kufika bonde hili. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayesimama mbele ya michoro hii asijione mgeni. Anatazama kazi za ndugu waliotangulia kuhama.

Kabla yao kulikuwa na nani?

Waneanderthal, kwa muda mrefu sana. Huko La Ferrassie, si mbali na Les Eyzies, kuanzia mwaka 1909 yalipatikana makaburi yao, wakubwa kwa watoto. Le Moustier kulipatikana mifupa ya kijana mwaka 1908, iliyochimbwa na Mswisi Otto Hauser, ambaye aliiuza Berlin. Biashara ya namna hiyo iliwauma Wafaransa mno, na utaona chini jinsi ilivyozaa makumbusho ya kijiji.

## Mapango na michoro

Nikiwa na nafasi ya kuona pango moja tu, niende lipi?

Font-de-Gaume, bila kusita. Ndilo pango la mwisho nchini Ufaransa lenye michoro ya rangi nyingi ambalo umma bado unaruhusiwa kuingia kuona michoro halisi, si nakala. Liko mwendo mfupi tu kutoka katikati ya kijiji. Lina michoro zaidi ya 200, na zaidi ya 80 ni ya baisani, yaani nyati wa Ulaya wenye nundu kubwa ya mabegani.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni wa kulungu wawili wa nchi za baridi. Mmoja, dume mweusi mwenye pembe ndefu zilizopinda, ameinamisha kichwa kuelekea kwa mwenzake aliyepiga magoti, na ukitazama vizuri unaona ulimi umetoka, unagusa paji la uso la yule jike. Mwongozo humulika kwa upande, taratibu, kwa sababu rangi imefifia na sehemu kubwa ya ulimi huo imechongwa kwa mstari mwembamba kuliko kupakwa rangi. Mwanzoni huoni kitu ila ukuta. Kisha mstari wa mgongo unajitokeza, halafu pembe, halafu ulimi. Wapo wanaotoka pale machozi yakiwalenga, na siwashangai.

Wachoraji walitumia nini?

Rangi nyekundu, kahawia na njano zilitoka kwenye udongo wenye chuma, uliosagwa na wakati mwingine kuchomwa ili ukolee. Nyeusi ilitokana na madini ya manganizi au makaa. Walipaka kwa vidole, kwa brashi za manyoya, kwa vipande vya ngozi, na pengine walipuliza unga wa rangi kwa mdomo au kwa mfupa wenye tundu.

Mwanga ulitoka kwenye taa za mawe: bakuli la jiwe, mafuta ya wanyama, utambi wa mmea. Moja ilipatikana mwaka 1899 katika pango la La Mouthe, hapo hapo Les Eyzies, na chini yake imechongwa mbuzi-mwitu. Kifaa cha kazi, na bado mwenyewe alikipamba.

Jambo linalowapita wengi ni matumizi ya umbo la ukuta. Pale mwamba ulipovimba, mchoraji aliweka tumbo la baisani. Pale maji yalipojenga nguzo nyembamba, akaigeuza mguu wa farasi. Ukiona picha kitabuni huwezi kulijua hili, maana kitabu ni bapa.

Waliishi ndani ya mapango hayo?

La. Ndani kabisa kuna giza, unyevu na baridi ya nyuzi 13 hivi mwaka mzima. Waliishi chini ya miamba iliyojitokeza kama paa, kwenye mwanga, mara nyingi upande unaopata jua. Laugerie-Haute ni mfano mzuri: watu waliishi pale kizazi baada ya kizazi, na tabaka za udongo zilizochimbwa zinasomeka kama kurasa. Pango refu lenye giza waliliingia kwa makusudi maalumu, kisha wakatoka.

Makusudi gani? Michoro ina maana gani?

Maelezo yamebadilika kila kizazi. Padri Henri Breuil, aliyetumia maisha yake kunakili michoro hii, aliamini ni uganga wa kuvuta windo. Mtaalamu wa mambo ya kale André Leroi-Gourhan alihesabu wanyama na nafasi zao ukutani akasema ni mfumo wa fikra, farasi na baisani wakikamilishana. Wengine wamezungumzia waganga waliokuwa wakiingia katika njozi.

Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba hawakuchora orodha ya chakula. Mifupa iliyokutwa Lascaux, pango maarufu tutakalolifikia chini, karibu yote ni ya kulungu wa nchi za baridi, lakini ukutani mnyama huyo karibu hayupo. Waliyemla sana hawakumchora, na waliyemchora sana hawakumla sana. Nadharia ya uwindaji peke yake haitoshi.

Inajulikanaje kwamba michoro si ya kughushi?

Wataalamu wenyewe walikataa kuamini kwa zaidi ya miaka 20. Michoro ya pango la Altamira, Hispania, ilipotangazwa mwaka 1880, wengi walisema ni utapeli. La Mouthe mwaka 1895 ilianza kuwatikisa, kwa kuwa pale udongo wa kale ulikuwa umefunika sehemu ya michongo. Kisha Septemba 1901 yakagunduliwa mapango mawili kwa juma moja: tarehe 8 Les Combarelles, tarehe 12 Font-de-Gaume. Nyuma yake walikuwa daktari Louis Capitan, padri Breuil aliyekuwa bado kijana, na Denis Peyrony, mwalimu wa shule ya kijiji.

Mistari mingi ilikuwa imefunikwa na utando wa chokaa uliojengwa na maji tone kwa tone. Hakuna mghushi anayeweza kutengeneza hilo. Mwaka uliofuata Émile Cartailhac, aliyekuwa mpinzani mkubwa, alikiri hadharani kwa maandishi kwamba alikuwa amekosea.

Les Combarelles ina tofauti gani na Font-de-Gaume?

Combarelles ni michongo zaidi kuliko rangi: zaidi ya 600, katika njia moja nyembamba inayopinda ndani ya mwamba. Farasi, mamothi (jamaa wa tembo wenye manyoya marefu), dubu, simba, na kulungu aliyeinamisha kichwa kana kwamba anakunywa kwenye ufa wa ukuta. Kundi huwa la watu wachache sana, kwa hiyo unasikia kila neno la mwongozo. Kama unaogopa mahali pa kubana, soma sehemu ya mwisho kabla ya kulipia.

Na yale mengine?

Rouffignac ni pango kubwa lenye njia za kilomita kadhaa, na unapelekwa ndani kwa treni ndogo ya umeme. Mamothi wamechorwa humo zaidi ya 150. Kabla ya watu, dubu wa mapangoni walilala humo majira ya baridi. Mashimo waliyojichimbia na mikwaruzo ya kucha zao bado ipo.

Cap Blanc si pango bali kimbilio la mwamba lenye farasi waliochongwa wakajitokeza ukutani, karibu wakubwa kama walio hai. Liligunduliwa mwaka 1909. Chini ya farasi hao alizikwa mwanamke. Mifupa yake leo iko kwenye makumbusho ya Field, Chicago.

Abri du Poisson, yaani kimbilio la samaki, ni dogo, na juu kwenye dari kuna samoni mmoja wa urefu wa mita moja hivi. Tazama vizuri pembeni mwake. Kuna mifereji mirefu iliyokatwa kumzunguka pande zote, na matundu ya kuchimbia yamepangwa mstari mmoja. Ni alama za watu waliotaka kumng'oa mwaka 1912 ili auzwe Berlin, wakazuiwa kazi ikiwa imefika mbali. Samaki mwenye miaka kama 25,000, na jeraha la zaidi ya miaka mia moja. Mimi hapo ndipo ninapowapeleka watu wanaoniuliza kwa nini urithi unahitaji sheria.

Grand Roc haina michoro. Ni pango la mawe yaliyochanua kama matumbawe. Wenye watoto hulipenda.

Michoro hii inalinganaje na ile ya Kondoa?

Michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006, iko zaidi chini ya miamba ya wazi, si ndani ya mapango marefu. Humo watu wanaonekana wengi: wembamba, warefu, wenye nywele zilizopambwa, pamoja na twiga, tembo na pofu. Huku Vézère binadamu ni nadra, na anapochorwa huwa kama amefanywa haraka, wakati mnyama amepewa uangalifu wote. Tofauti nyingine ni kwamba baadhi ya maeneo ya Kondoa bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na tiba. Les Eyzies hakuna aliyebaki wa kueleza. Kama hujafika Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro hiyo, fika. Utayatazama ya Ufaransa kwa jicho jingine.

## Lascaux

Lascaux iko Les Eyzies?

Haiko hapo. Iko Montignac, kilomita 25 hivi juu ya mto huo huo. Iligunduliwa Septemba 1940 na vijana wanne: Marcel Ravidat, Jacques Marsal, Georges Agniel na Simon Coencas.

Kwa nini hairuhusiwi kuingia?

Kwa sababu tuliiua kwa pumzi zetu. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 watu kama 1,200 walikuwa wakipita kwa siku. Kila mmoja alileta joto, jasho na hewa ya ukaa. Mwani wa kijani ukaota kwenye kuta, kisha utando mweupe wa chokaa ukaanza kufunika michoro. Waziri wa Utamaduni, André Malraux, aliifunga mwaka 1963. Hata baada ya hapo kuvu ilizuka tena mwaka 2001, pango likiwa tupu.

Ukilielewa hili, masharti yote ya Font-de-Gaume utayakubali kwa moyo mweupe. Uchache wa tiketi ndio unaoifanya michoro iwepo.

Nakala ina maana gani basi? Si bora kutokwenda?

Nenda. Lascaux II, iliyofunguliwa mwaka 1983, ilichorwa kwa mkono kwa udongo wa rangi ule ule, na ina Ukumbi wa Mafahali, ambamo fahali mmoja ana urefu unaozidi mita 5. Lascaux IV, ya mwaka 2016, imenakili karibu pango zima na ina maelezo mengi ya kisasa. Ila kwa maoni yangu, mtu aanze na pango halisi, hata lenye michoro iliyofifia, ndipo aende kwenye nakala. Ukianza na nakala inayong'aa, jicho linakuwa limezoea kupewa kila kitu.

## Ngome na majumba ya mawe

Kijijini kuna ngome?

Ndiyo, na huwezi kuikosa: imening'inia kwenye jabali juu ya barabara kuu. Ilikuwa ya mabwana wa Tayac. Ikawa gofu, hadi Denis Peyrony, yule mwalimu, aliposhawishi serikali kuinunua mwaka 1913. Alikuwa amechoka kuona vitu vya bondeni vikipakiwa kwenda Berlin na kwingineko. Leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Zama za Kale, yaliyopanuliwa kwa jengo jipya mwaka 2004. Kwenye ukumbi wa nje imesimama sanamu kubwa ya mtu wa kale, kazi ya Paul Dardé, akitazama bonde.

Ingia makumbusho kabla ya mapango. Ukishaona zana, mapambo na mifupa, michoro inapata wenyewe, yaani watu walioichora.

Ngome zipi nyingine ziko karibu?

Commarque ndiyo inayochanganya kila kitu cha bonde hili mahali pamoja: mnara wa zama za kati juu, vyumba vilivyochongwa mwambani katikati, na chini kabisa pango lenye kichwa cha farasi kilichochongwa enzi za Magdalenian. Pango lenyewe halifunguliwi kwa wageni, ila ngome inatembelewa. Ng'ambo ya bonde inatazamana na ngome ya Laussel, na karibu na hapo mwaka 1911 daktari Lalanne alipata jiwe lililochongwa mwanamke mnene ameshika pembe ya baisani yenye alama 13. Jiwe hilo sasa liko kwenye makumbusho ya Aquitaine, Bordeaux.

La Roque Saint-Christophe si ngome hasa, bali jabali la urefu wa kilomita moja lenye ghorofa za asili ambazo watu walizigeuza mji. Walikaa humo hadi vita vya dini kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, ilipobomolewa mwaka 1588.

Beynac na Castelnaud ni kwenye Vézère?

Ziko kwenye mto Dordogne, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Zinatazamana kila moja juu ya jabali lake, na katika Vita vya Miaka Mia Beynac ilikuwa upande wa mfalme wa Ufaransa ilhali Castelnaud ilishikwa kwa muda mrefu na Waingereza, hadi mwaka 1442. Castelnaud ina makumbusho ya silaha na mitambo ya kurushia mawe. Beynac iko kimya zaidi. Mimi naipenda kwa mandhari yake.

Ni kweli Josephine Baker aliishi huku?

Kweli, katika ngome ya Les Milandes, karibu na Castelnaud. Binti huyu Mwafrika-Mmarekani kutoka St. Louis, aliyetamba Paris kwa kucheza na kuimba, aliipanga kabla ya vita na kuinunua mwaka 1947. Wakati wa vita alilitumikia jeshi la siri dhidi ya Wanazi. Humo alilea watoto 12 aliowaasili kutoka nchi na dini mbalimbali. Madeni yalimshinda, ngome ikauzwa, na mwaka 1969 akatolewa. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Ngome inatembelewa, na mavazi yake yapo.

## Kupanga safari

Nifikeje?

Treni ya kasi kutoka Paris hadi Bordeaux huchukua saa 2 hivi. Kutoka Bordeaux unakwenda Périgueux, kisha treni ya mkoa inakushusha Les Eyzies kwenyewe kwa nusu saa na kidogo. Treni hizo ni chache kwa siku, kwa hiyo panga kwanza saa ya pango, halafu saa ya treni.

Kijiji, makumbusho, Cro-Magnon na Font-de-Gaume vinafikika kwa miguu. Kwa Commarque, Rouffignac na Lascaux utahitaji gari, au baiskeli kama miguu inakubali milima.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Anayeishi Ujerumani, Ubelgiji au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali haihitaji tena. Anayeishi Uingereza aangalie vizuri: kibali cha Uingereza hakimwingizi Ufaransa.

Tiketi za Font-de-Gaume zinapatikanaje?

Kwa kuweka nafasi mtandaoni, kupitia Centre des monuments nationaux, taasisi ya serikali inayosimamia pia Combarelles, Cap Blanc na Abri du Poisson. Idadi kwa siku ni ndogo sana, na za Julai na Agosti huisha mapema mno. Usinunue tiketi ya ndege kwanza. Weka nafasi ya pango, kisha jenga safari kuizunguka.

Nikikosa?

Jaribu Combarelles au Cap Blanc, vyote ni halisi. Vikishindikana, Rouffignac hupokea watu wengi zaidi kwa siku, na nayo ni michoro halisi.

Msimu gani ni mzuri?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti kuna msongamano, ingawa ndio wakati wa kupiga kasia mtoni kwa mitumbwi ya kukodi. Majira ya baridi sehemu nyingi hufungwa, Rouffignac ikiwemo.

Naruhusiwa kupiga picha?

Ndani ya mapango yenye michoro, hapana. Mabegi pia huachwa nje. Usiguse ukuta hata kwa ncha ya kidole. Vaa sweta hata kama nje kuna jua kali. Sababu ni ile baridi ya pangoni iliyotajwa juu.

Nitakula nini, hasa nikiwa Mwislamu?

Périgord ni nchi ya bata: nyama yake hupikwa polepole katika mafuta yake yenyewe, na maini ya bata au bukini ndiyo fahari ya kila mkahawa. Kwa kawaida si nyama iliyochinjwa kihalali, na viazi vya pembeni mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo hayo, kwa hiyo uliza. Kuna samaki, jibini ndogo za mbuzi, uyoga, mayai, na jozi ambazo hutiwa kwenye saladi, mkate na keki. Stroberi za mkoa ni tamu sana. Ukikaa siku kadhaa, kodi nyumba yenye jiko na ufanye soko mwenyewe.

## Hali za pekee

Nina mtu mwenye kiti cha magurudumu, au mzee asiyeweza kupanda.

Font-de-Gaume ina njia ya kupanda ya mita 400 hivi kabla hujafika mlangoni, na Commarque ni mawe na ngazi. Anza na Rouffignac, kwa sababu ya treni, na Lascaux IV. Kijijini kuna pia kituo cha maonyesho ya Zama za Kale cha kisasa, kisicho na kiingilio na chenye njia tambarare. Wasiliana nao mapema ueleze hali.

Naogopa giza na mahali pa kubana.

Epuka Combarelles. Cap Blanc, Laugerie-Haute na La Roque Saint-Christophe ni za wazi au zina nafasi. Font-de-Gaume ina sehemu moja nyembamba. Wengi huipita salama.

Nakwenda na watoto wadogo.

La Roque na Castelnaud kwanza, na Rouffignac kwa treni yake. Mtoto anayeweza kutulia na kusikiliza kwa dakika 45 anaweza kuingia Font-de-Gaume. Asiyeweza, msubiri akue.

Sijui Kifaransa.

Ziara za Kiingereza zipo, hasa majira ya joto, lakini si za kila saa. Angalia lugha unapoweka nafasi, maana kubadilisha baadaye ni shida. Kiswahili hakipo.

Nimeona jiwe la kale lililochongwa shambani au kando ya mto. Nichukue?

Usichukue, na usichimbe zaidi kutafuta jingine. Nchini Ufaransa kuchimba bila kibali ni kosa, na kitu cha kale kilichoonekana kwa bahati lazima kitolewe taarifa kwenye ofisi ya meya. Jiwe likishaondolewa mahali pake bila kumbukumbu, mtaalamu hawezi tena kujua lilikuwa tabaka gani na pamoja na nini. Liache lilivyo, lipige picha ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, andika mahali hasa ulipo, kisha nenda kwa meya au makumbusho uwaonyeshe.